Zamu ya Kutazama Mlima

Kwa miaka mingi mimi na mume wangu tulikuwa tunakutana mlangoni. Yeye anaingia na harufu ya mpira wa kiwandani, mimi natoka na kopo la chakula cha mchana, na katikati yetu unapita ufunguo wa gari, kwa sababu gari lilikuwa moja. Tulizungumza kama walinzi wanaopokezana lindo. Batoto balisha kula. Gari inalia mbele, upande wa kuume. Kuna bugali kwenye jiko. Theluji ikiwa nyingi alinisaidia kukwangua barafu kwenye kioo kabla hajapanda ngazi kwenda kulala, na siku hiyo nilikwenda kazini nikijiona mke wa mtu.

Ilianza Louisville, mji wa Amerika uliotupokea tulipotoka kambi ya wakimbizi Uganda. Mume wangu alipata kazi ya usiku katika ghala la mizigo, mimi nikapata ya mchana ya kusafisha vyumba vya hoteli. Alisema ni kwa muda tu, ili watoto wasikae bila mzazi ndani ya nyumba, nami nikaona ana akili. Kisha tukasikia kwamba Columbus kazi ni nyingi, akaniahidi kwamba huko tutafanya wote mchana. Tulihamia upande wa Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, ndege zikipita juu ya paa hadi vikombe vinatetemeka kabatini, na yeye akaingia usiku tena. Halafu ikaja Buffalo na ahadi ileile. Tulipanga nyumba ya ghorofani karibu na barabara ya Bailey, mimi nikaanza kazi ya kutunza wazee, yeye akapata kiwanda kule Tonawanda. Usiku.

Kila nilipomuuliza, jibu lake lilikuwa moja: tutaona. Hiyo tutaona ya mume wangu ni ndefu kuliko barabara ya kutoka Louisville hadi Buffalo, nami nimezisafiri zote mbili. Hata siku zake za mapumziko hakulala usiku. Alikaa sebuleni na televisheni akitazama mpira wa nchi ambazo sidhani kama anaweza kuzionyesha kwenye ramani, na nikimwita alisema mwili wake umeshazoea. Alilala asubuhi, sisi tukishatoka.

Kwa hiyo kitanda chetu hakikupoa. Mimi nikiamka alfajiri, yeye anaingia palepale nilipotoka. Jioni nikirudi nimechoka, yeye ndiyo kwanza anafunga kamba za viatu, mimi najilaza kidogo kwenye shuka alizoziacha na kulikuta joto lake. Watu wengine wana mume. Mimi nilikuwa na joto la mume, na nilikuwa nimelichoka.

Katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, dada yangu wa upande wa mama mdogo, aliyebaki Louisville, alinipigia simu akasema kwake kuna chumba, na kazini kwao wanatafuta watu wa kutunza wazee. Nije na watoto. Aliponiambia hivyo nilikuwa nimesimama kwenye maegesho ya kazini, upepo wa ziwani ukinikata masikio, na nililia. Nilimwambia anisubiri kidogo, kwanza tunakwenda Ufaransa.

Tulikuwa tumeshakula kiapo cha uraia na tumepata pasipoti, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa ametualika kwenye ubatizo wa mtoto wake huko Grenoble. Kwao walizaliwa watatu. Wa tatu alikuwa msichana, kitinda mimba, na alibaki njiani usiku walipokimbia Masisi, kule Kongo. Hilo niliambiwa na mama mkwe, kambini, tukichambua maharage. Aliniambia na akaniomba nisimuulize mume wangu, kwa sababu ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Sikumuuliza. Nilingoja anisimulie mwenyewe, na ngoja yangu ikazeeka hadi nikaisahau.

Watoto wetu tuliwaacha kwa mama mmoja Mrundi wa kanisani. Ndani ya ndege nilijiambia: nitamuuliza mara ya mwisho, huko Ulaya, mchana kweupe, tukiwa tumekaa chini kama watu. Akisema tutaona, basi Louisville.

Nyumbani kwa shemeji walituachia chumba cha mtoto, wakaweka kitanda kikubwa na shuka mpya. Usiku wa kwanza mume wangu alichukua blanketi akaenda kulala kwenye kochi. Kiti cha ndege kimemuumiza mgongo, alisema, na godoro hili ni laini mno. Usiku wa pili, vilevile. Nikabaki peke yangu katikati ya shuka mpya, kwenye harufu ya poda ya mtoto, na safari hii hata joto lake sikuwa nalo. Niliumia. Nilijua sasa kwamba kumbe si kiwanda.

Ubatizo ulipokwisha, shemeji alisema kesho yake ni siku yetu sisi wawili. Atatupeleka hadi chini ya mlima, tupande teleferiki, tutembee, tule, na jioni atakuja kutuchukua. Teleferiki ni kile kichumba cha vioo kinachovutwa na waya hadi juu. Alitushauri tuvae viatu vya kutembelea.

Mume wangu alivaa suti. Viatu vyake vyeusi vyenye ncha alivipiga rangi hadi ungeweza kujitazamia ndani yake, kwa sababu, alimwambia mdogo wake, mtu hatoki Masisi akapita Uganda na Amerika ili aje apigwe picha Ufaransa na viatu vya kiwandani. Shemeji alivunjika mbavu. Mimi nami sikuwa na haki ya kucheka: niliposikia neno theluji nilivaa koti langu la Buffalo, lile nene la mpaka magotini, na kitenge chini yake. Ulikuwa mwezi wa sita.

Na tulibeba begi. Ndani yake kulikuwa na chai ya chupa, mayai ya kuchemsha, blanketi, na makaratasi yetu yote. Sisemi pasipoti tu. Vyeti vya uraia, vya ndoa, vya kuzaliwa kwa watoto, kadi za chanjo, vyote ndani ya plastiki. Shemeji aliuliza mlima utatudai cheti cha ndoa kwa nini, lakini hakuuliza sana. Yeye pia alikulia palepale tulipojifunza kwamba unapotoka nyumbani asubuhi hujui kama jioni utakuwa na nyumba, na makaratasi yanakwenda na mtu.

Teleferiki ilipanda bila kelele. Kwanza tuliona mapaa ya mji, kisha misonobari, kisha tukaingia ndani ya wingu na vioo vikawa vyeupe pande zote. Hatukuona kama tunakwenda au tumesimama. Mume wangu alishika chuma, mimi nikashika begi. Nilikuwa bado na ule ulevi wa safari ndefu, wakati mwili uko mahali na usingizi umebaki mahali pengine, na nilijiuliza kama hivi ndivyo inavyokuwa mtu akifa vizuri. Halafu wingu likabaki chini ya miguu yetu, na kukawa na jua, na majani mabichi, na sauti ya kengele nyingi ndogo.

Walikuwa ng'ombe. Kila mmoja na kengele yake shingoni, wamelala kwenye nyasi zenye maua ya njano kama wenye mlima. Karibu na njia palikuwa na nyumba ya mbao wanamotengeneza jibini, mlango wake wazi. Mume wangu alisimama mbele ya mlango ule. Harufu iliyotoka ilikuwa ya maziwa yaliyochacha, chumvi na mbao mbichi. Kwao Masisi, mapadri wa zamani waliwafundisha watu kutengeneza jibini, na yeye alipokuwa mtoto alikuwa akishuka nayo kichwani hadi sokoni, mviringo kwa mviringo, ndani ya majani ya migomba. Alisimama pale akivuta pumzi tu. Kisha akamsalimia mtu aliyekuwa ndani, wakaanza kuongea.

Lazima niseme kitu kuhusu mume wangu na Kifaransa. Kwa Kiingereza yeye ni mtu wa ndiyo, hapana, na asante bosi. Nilikuwa nimeshasahau kwamba kwao alisoma, kwamba alikuwa mcheshi, kwamba nilimpenda kwa sababu ya mdomo wake. Sasa alisema kitu na yule mtu akacheka hadi akaweka ndoo chini. Nilimtazama kutoka nyuma, na suti yake na viatu vyake, na nikaona haya kama msichana anayechungulia mvulana wa jirani. Na palepale nikakumbuka kochi, nikakasirika upya.

Njia ilipanda taratibu hadi kwenye mwamba mkubwa. Kibao kilisema ng'ambo ya mwamba ndipo mahali pa kutazamia. Ilibidi kupita pembeni kidogo, kwenye kijia chembamba, na begi lilikuwa zito.

Mume wangu alisema nibaki na begi, yeye atangulie kuona. Nikakaa. Akaenda, akakaa huko kitambo, akarudi na macho yamelowa kwa upepo, akasema ni vizuri sana, zamu yangu. Akakaa yeye na begi. Nikaenda mimi.

Sijui nieleze vipi. Ardhi iliishia pale, na ng'ambo ya wingu ulisimama mlima mweupe peke yake, mkubwa hivi kwamba macho yalikataa kuupokea mara moja. Ulikuwa kimya. Wingu lilipita chini yake polepole, na kila mara lilipofunguka niliona bonde dogo la kijani huko chini kabisa, na barabara, na kitu kinachong'aa ambacho labda ni gari la mtu anayekwenda kununua mkate. Nilitaka kumwambia mtu. Niligeuka kumwambia, na hapakuwa na mtu.

Niliporudi mume wangu alikuwa amekaa wima na mkono juu ya begi, kama anavyokaa mtu kwenye kituo cha basi. Njia nzima haikuwa na mtu mwingine ila ng'ombe. Ndipo nilipoona tulichofanya. Nilianza kucheka, nikacheka hadi nikashika mbavu, na mwisho wa kicheko kile haukuwa kicheko tena.

"Hata mulima tunaupokezana, papa," nilimwambia.

Alitabasamu nusu. Nikaona wakati umefika, nikapiga moyo konde. Nilimkumbusha Louisville, nikamkumbusha Columbus. Nilimwambia mimi si mlinzi mwenzake. Nikamuuliza kama tukirudi Buffalo ataomba shifti ya mchana, tulale na tuamke pamoja kama watu wengine wa nyumba moja. Sikumtajia chumba cha dada yangu, kwa kuwa sikutaka anijibu kwa hofu. Nilitaka anijibu kwa kunitaka.

Alichuma majani akaanza kufuta tope kwenye viatu. Alifuta cha kushoto, akafuta cha kulia.

"Bon," alisema. "Tutaona."

Basi, nikajiambia. Imekwisha. Nilishangaa kwamba ng'ombe waliendelea kutafuna na kengele ziliendelea kulia. Nilibeba begi mwenyewe kurudi, na alipotaka kunipokea nikamwambia naweza.

Kulikuwa na mgahawa wa mbao karibu na teleferiki, meza zake nje, juani. Mama mwenye nyumba, mwanamke wa mikono minene na aproni ya mistari, alitueleza chakula cha siku, mume wangu akaitikia kila kitu. Kilipokuja, nilisahau hasira yangu kwa muda, Mungu anisamehe. Alituletea bugali. Kwenye ubao, wa manjano, wa mahindi, umetuna kama wa kwetu, na mama yule akaukata kwa uzi. Wao wanauita polenta. Pembeni palikuwa na soseji kwenye mchuzi wa vitunguu, na jibini iliyoyeyuka juu.

Uma ulikuwepo, sikuugusa. Nilinawa kwa maji ya chupa, nikamega, nikafinyanga tonge, nikabonyeza kwa kidole gumba, nikachota mchuzi. Mume wangu akanitazama, akavua koti la suti, akakunja mikono ya shati. Yule mama alisimama na sahani zake akitutazama, kisha akasema kwamba babu yake alikula polenta kila siku ya maisha yake na hakuwahi kuipenda hivyo. Mume wangu alinitafsiria. Tulikula kwenye ubao mmoja, mikono yetu ikikutana kwenye mchuzi, na nilifikiri: huyu mwanaume nitamkumbuka hivi, na kidole kina mafuta, mlima nyuma ya kichwa chake. Nilikuwa nimeshaanza kumkumbuka na bado amekaa mbele yangu.

Baada ya kula tulipanda kidogo juu ya mgahawa, tukatandaza koti langu kwenye nyasi. Kumbe Buffalo ilifaa kwa kitu. Jua lilikuwa zito. Mume wangu alikuwa na usiku mbili za kochi machoni, na alisema anafumba macho kidogo tu. Alifumba, akaruka akakaa. Akafumba tena, akashtuka tena, akatazama huku na huku kama mtu aliyesinzia kanisani. Nikamwambia alale, teleferiki bado. Mwishowe usingizi ukamshinda, kichwa chake kikaanguka karibu na goti langu.

Nilimtazama. Mchana kweupe, mume wangu amelala. Nywele za kichwani zilikuwa zimeanza mvi nyuma ya masikio, na mimi sikuwa na habari. Kengele zilikuwa zinasogea taratibu kwenda juu. Wingu lilipanda likatufunika, likapita, jua likarudi, na nadhani nami nilisinzia nimekaa, kwa sababu nilisikia sauti na nikadhani ni ya ndotoni mwangu.

Alikuwa anaita. Kwanza chini chini, kisha kwa nguvu, sauti ambayo sikuijua, nyembamba, ya mvulana. Watu waliokuwa wanapita na fimbo zao waligeuka. Niliona aibu, nisifiche, na mkono wangu ulikwenda kumziba mdomo.

"Leta mukono," alikuwa anasema. "Leta mukono, katoto. Usikae chini. Leta mukono."

Mkono wake ulikuwa unapapasa nyasi. Unapapasa, unafunga, unakuta majani, unafungua. Nilijua anamtafuta nani. Nikaweka mkono wangu ndani ya wake.

Aliukamata hivi kwamba pete yangu iliingia kwenye mfupa. Nilimeza maumivu. Akauvuta kifuani, akasema kitu kingine ambacho sikukisikia, kisha pumzi ikateremka, ikateremka, na akatulia. Alilala usingizi ambao sijawahi kumwona nao, mdomo wazi.

Basi nikakaa pale, mkono umefungwa, na mambo yakaanza kujipanga yenyewe. Ghala la Louisville. Columbus, na Tonawanda. Mpira wa nchi zisizojulikana. Kochi la shemeji. Mume wangu alikuwa amechukua usingizi wake na kuuficha, mji hadi mji, mahali ambapo nyumba ni tupu na hakuna wa kumsikia. Nilikuwa na hasira kubwa naye, na nilimpenda, vyote kwa wakati mmoja, na mkono ulikuwa unakufa ganzi.

Jua liliteremka. Yule mama wa mgahawa alipanda hadi tulipo, akavua aproni, akanionyesha kwa ishara kwamba teleferiki ya mwisho inashuka sasa. Kifaransa changu ni cha kuombea chumvi, lakini hilo nililielewa. Nikaweka kidole mdomoni. Alimtazama mume wangu, akatazama mikono yetu, akanionyesha kwa mbali njia ya miguu inayoshuka, pana, yenye alama nyekundu kwenye mawe. Kisha akaenda zake. Nilikitazama kichumba kile cha vioo kikizama ndani ya wingu bila sisi. Maisha yetu yote Amerika mimi ndiye niliyekuwa nikimwamsha mtu huyu awahi kitu. Siku ile sikumwamsha.

Aliamka mwenyewe nyasi zilipoanza kuwa baridi. Alitazama mbingu, akatazama teleferiki iliyosimama, na kabla ya kuuliza chochote kuhusu namna ya kurudi, aliuliza:

"Nilipiga kelele?"

"Ulikoroma tu," nilimwambia.

Akatazama mkono wangu ndani ya wake. Vidole vilikuwa vyekundu na alama ya pete ilikuwa imejichora. Hakuuachia.

"Njo maana nilipenda kazi ya usiku," alisema. "Muchana nyumba iko tupu. Haiko mutu wa kusikia."

"Miaka yote nilizania haunitake tena."

"Sikutaka uogope, mama. Na batoto."

Akanisimulia. Hakusimulia yote, na alichosimulia ni chake, sitakiandika. Alisema tu kwamba mkono ulikuwa mdogo na mvua ilikuwa nyingi. Alilia kama mtu anayetema kitu kilichomkwama. Nilimfuta kwa ncha ya kitenge. Kisha nikamwambia neno ambalo nilikuwa nimelipata wakati amelala, nikilipindua na kulipindua moyoni.

"Kama ni kupiga kelele, piga niko karibu."

Hakunijibu tutaona. Alisimama, akapangusa suruali, akachukua begi, akalitundika kwenye nguzo ya ua wa ng'ombe. Akanipa mkono niinuke.

"Tuende tuone wote mbili," alisema.

Nilimuuliza kuhusu makaratasi.

"Ngombe hazijue kusoma," alisema.

Tulikwenda kwenye mwamba tumeshikana, tukapita kijia kile chembamba upande upande kama kaa. Mlima mweupe ulikuwa umegeuka rangi, wa waridi juu na wa buluu chini, na wingu limelala bondeni, limetulia. Sikuutazama sana, niseme ukweli. Nilikuwa nimeshauona. Nilimtazama yeye akiutazama, na yeye alisema kitu kidogo, kwamba theluji inafanana na jibini ya kwao ikiwa bado changa. Nilimjibu kwamba yeye ni mtu wa kufikiria chakula tu. Hilo ndilo nililokuwa nimelitaka mchana, kumwambia mtu upuuzi na mtu akajibu.

Begi tulilikuta, limelambwa upande mmoja. Tukaanza kushuka. Viatu vyenye ncha havikufika mbali. Alivivua, akavifunga kamba, akavitundika shingoni, akashuka kwa miguu mitupu na suti yake kama kijana wa Masisi anayetoka sokoni. Mwanga wa huko mwezi wa sita haukubali kwisha. Tulipita katikati ya misonobari, tukapita kijito, na mahali palipokuwa na utelezi alitangulia, akageuka, akanyoosha mkono. Sikuhitaji. Mimi nina miguu mizuri kuliko yeye. Kila mara nilimpa.

Shemeji tulimkuta chini karibu na gari, amechanganyikiwa, akifoka kwamba alikuwa anataka kuita polisi. Kaka yake alimkumbatia na viatu vikining'inia kati yao. Usiku huo, nyumbani kwa shemeji, kochi lilibaki na mito yake.

Tuliporudi Buffalo nilimpigia dada yangu nikamwambia chumba ampe mwingine. Shifti ya mchana haikupatikana mara moja. Mume wangu aliomba, akaambiwa angoje, akaomba tena, na majani ya miti ya Bailey yalikuwa yameshaanguka alipoingia siku moja na kusema ni kuanzia Jumatatu. Alisema kwa uso mkavu, kama anayenieleza habari za matairi. Nilimwambia vizuri, nikaingia bafuni kulia.

Anapiga kelele bado. Si kila usiku, lakini anapiga. Watoto waliogopa mwanzoni, sasa husema kwa Kiingereza chao kwamba baba anaota tena, wanageukia ukutani. Mimi nampa mkono hata kabla sijaamka vizuri. Asubuhi nyingine tunagombana kwa sababu nimekwenda kazini na usingizi na vidole vinauma, na wazee wangu wa kazini wananiuliza nani kanipiga.

Asubuhi tunatoka wote. Gari bado ni moja. Ananishusha kwanza, halafu anakwenda Tonawanda. Kitanda kinabaki mchana kutwa bila mtu, na jioni, nikiingia chumbani kuvua viatu, naweka kiganja juu ya shuka. Ni baridi.